Kiti cha Chandigarh: namna samani ya ofisi iliyotupwa ilivyogeuka mali ya kugombewa

Miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni, aliyepita nyuma ya majengo ya serikali mjini Chandigarh, kaskazini mwa India, angeweza kuona viti vya mbao vimerundikwa uani na juu ya mapaa, vingine vimevunjika mguu, vingine henzirani yake, yaani nyuzi za fito zilizosukiwa kalio na mgongo, imechanika, vyote vikinyeshewa na kupigwa jua huku vikingoja mnada wa mali chakavu. Wanunuzi wa kawaida wa minada hiyo walikuwa wauza mitumba na watu waliotaka mbao tu. Leo kiti cha aina hiyo hiyo, kikiwa na ushahidi wa kutosha wa mahali kilikotoka, huuzwa Paris, London au New York kwa maelfu ya dola, na ziko seti za viti kadhaa zilizovuka laki moja. Mbao hazikubadilika. Umbo halikubadilika. Kilichobadilika ni maarifa ya watu kuhusu kiti hicho, na maarifa hayo ndiyo hasa yanayouzwa na kununuliwa katika ukusanyaji wa samani adimu za karne ya 20.

Nimechagua Chandigarh kwa sababu ndiyo mfano unaokusanya karibu kila fundo la somo hili mahali pamoja: nani alibuni, nani alitengeneza, kipi ni asili na kipi ni nakala, mali ya umma ikishauzwa ni ya nani, na kwa nini doa la rangi lililo nyuma ya kiti linaweza kuwa na thamani kuliko vanishi mpya. Anayefungua mafundo haya kwa kiti kimoja ataweza kuyafungua kwa meza, taa au kabati lolote la zama hizo.

India ilipogawanywa mwaka 1947, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili, na mji wake mkuu, Lahore, ukabaki Pakistan. Punjab ya India ikajikuta haina makao, na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru akaunga mkono kujengwa kwa mji mpya kabisa, usiobeba majengo ya ukoloni wala ya wafalme. Mpango wa kwanza ulichorwa na Mmarekani Albert Mayer akishirikiana na msanifu wa Kipolandi Matthew Nowicki. Nowicki alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1950, kazi ilikabidhiwa kwa Le Corbusier, msanifu mashuhuri mwenye ofisi Paris. Yeye hakukubali kuhamia India. Alikuwa akienda mara mbili kwa mwaka, na aliyebaki pale siku hadi siku, akikagua matofali na kuzungumza na mafundi, alikuwa binamu yake Pierre Jeanneret, mzaliwa wa Geneva, aliyefika mwaka 1951 na kukaa hadi 1965 afya yake ilipomlazimisha kuondoka. Waingereza Maxwell Fry na mkewe Jane Drew walikuwapo miaka mitatu ya mwanzo. Pamoja nao walikuwapo wasanifu vijana wa India, miongoni mwao Urmila Eulie Chowdhury, Aditya Prakash, M. N. Sharma na Jeet Malhotra, ambao majina yao hayaonekani mara nyingi katika orodha za minada.

Mji wa serikali unahitaji samani nyingi mno. Palikuwa na makao ya wizara, Mahakama Kuu, Bunge la jimbo, Chuo Kikuu cha Panjab, maktaba, hospitali, na nyumba za watumishi wa kila cheo. Kuagiza viti kutoka Ulaya kungemaliza fedha ambazo nchi changa haikuwa nazo, na viwanda vikubwa vya samani havikuwapo karibu. Kwa hiyo wabunifu walitafuta maumbo ambayo fundi seremala wa kawaida angeweza kuyatengeneza kwa msumeno, randa na patasi alizokuwa nazo, halafu wakagawa kazi kwa karakana nyingi za eneo hilo. Walitumia sana msaji, ambao wengi wetu huuita mtiki, kwa kuwa una mafuta ya asili yanayouchelewesha kuoza na kuufanya usipendwe na mchwa. Makalio na migongo ya viti ilisukwa kwa henzirani, ambayo hupitisha hewa mwilini mwa mtu anayeketi kwa muda wa saa nane katika joto. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hataona ajabu hapa, maana kiti cha enzi cha Lamu na Unguja nacho kalio na mgongo wake ulisukwa kwa kamba nyembamba, katika joto la namna ile ile.

Kinachokitambulisha kiti cha Chandigarh ni miguu yake. Katika aina inayojulikana zaidi, mguu wa mbele na wa nyuma wa kila upande hukutana juu kama bikari iliyofunguliwa, na mahali unapokutana ndipo panapobeba mkono wa kiti. Miguu ni minene, nayo hupungua unene kuelekea nchani. Umbo hilo lina sababu ya kazi. Uzito wa mkaaji hushuka kwa mshazari hadi sakafuni, na kiti kinapoburutwa juu ya saruji, kama viti vya ofisi vinavyoburutwa kila siku, viungo vyake havilegei upesi kama vya kiti cha miguu minne iliyosimama wima. Ukikitazama kwa mara ya kwanza kinaonekana kizito na cha kishamba kidogo. Ukishaelewa kilivyosimama, huwezi tena kukiona kibaya.

Baada ya miongo mitatu au minne, viti vya chuma na plastiki vikaingia maofisini. Kurekebisha kiti cha msaji kulihitaji fundi, muda na karatasi za kuomba fedha. Kukifuta kwenye daftari la mali na kukiuza mnadani kulihitaji sahihi moja. Hakuna haja ya kuwalaumu makarani wa stoo, kwa sababu walifuata kanuni walizopewa, na kanuni hizo zilikitazama kiti kama kitu kinachochakaa kisha kinaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja wafanyabiashara wa Kifaransa, akiwamo Eric Touchaleaume, na baada yake au sambamba naye François Laffanour, Patrick Seguin na Philippe Jousse. Walinunua kwa njia halali, kwenye minada ya wazi, wakasafirisha makontena hadi Ufaransa, wakatengeneza vilivyovunjika, wakavipiga picha, wakaviandikia vitabu na kuviweka katika maonyesho yenye taa nzuri. Hadi mifuniko ya chuma ya mashimo ya maji taka ya Chandigarh, iliyochorwa ramani ya mji, ilipata wanunuzi katika minada ya Ulaya.

Hapa ndipo penye fundo la kwanza. Mkondo wa usanifu tunaouita usasa, uliokua Ulaya kuanzia miaka ya 1920, ulitangaza kwamba kitu kizuri kitengenezwe kwa wingi na kwa bei ya mtu wa kawaida. Inakuwaje basi vitu vya mkondo huo viwe adimu na ghali? Jibu linatofautiana kutoka kitu hadi kitu, na mkusanyaji asiyelijua atanunua vibaya. Kiko kitu kilichokusudiwa kuwa cha wengi lakini soko likakikataa, kwa hiyo vikatengenezwa vichache. Kingine kilitengenezwa kwa maelfu, kikatumika hadi kikaisha, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kinafaa kuhifadhiwa. Viti vya Chandigarh ni vya kundi hili. Kingine bado kinatengenezwa hadi leo, lakini matoleo ya miaka ya mwanzo yana tofauti ndogo zinazoyatenga. Na kipo ambacho hakikukusudiwa kuwa cha umma hata siku moja, kama kiti cha mazimwi cha Eileen Gray, Mwairishi aliyefanya kazi Paris, alichokibuni mnamo 1917 hadi 1919 kwa mteja mmoja tajiri. Februari 2009 kiti hicho kiliuzwa katika mnada wa mali za mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé kwa takriban euro milioni 21.9. Bei hiyo hutajwa sana, lakini inapotosha. Kiti cha pekee kilichopita mikononi mwa watu mashuhuri hakiwezi kuwa kipimo cha kiti cha ofisi.

Fundo la pili, ambalo ndilo linalowagharimu wanunuzi fedha nyingi, ni neno "asili". Katika lugha ya kila siku tunasema kitu ni asili au ni feki, basi. Katika samani za karne ya 20 mgawanyo huo hautoshi. Kuna kifaa kilichotengenezwa wakati kilipobuniwa au karibu na wakati huo, na mbunifu au wakala wake akijua. Kuna toleo jipya lililotengenezwa baadaye kwa leseni ya warithi au ya mwenye haki, nalo ni halali kabisa, wakati mwingine hata imara kuliko la kwanza, ila si la zama zile. Kuna nakala inayouzwa waziwazi kama nakala. Na kuna bandia, yaani nakala iliyozeeshwa kwa makusudi na kupewa historia ya uongo. Kiti cha mirija ya chuma alichokibuni Marcel Breuer mwaka 1925 wengi hukijua kwa jina la Wassily. Jina hilo halikuwapo wakati huo, bali lilitokea Italia miaka ya 1960 kampuni ya Gavina ilipokitoa upya. Muuzaji anayesema ana "Wassily wa mwaka 1926" huenda hadanganyi, lakini amekwisha kuonyesha kwamba hajui anachokiuza.

Kwa viti vya Chandigarh fundo hili linabana zaidi, kwa kuwa hata vya kwanza havikutoka katika kiwanda kimoja. Karakana nyingi zilipewa michoro ile ile, kila fundi akawa na mkono wake, na ubao uliopatikana wiki hiyo ndio uliotumika. Vipimo vinapishana kwa sentimita moja au mbili, pembe za miguu hazilingani, na mahali pengine ulimi wa mbao umeingizwa kwenye tundu lake kwa namna tofauti na kiti jirani. Hakuna lebo ya kampuni wala mhuri wa mbunifu. Mtaalamu wa samani za Denmark anaweza kugeuza kiti cha Hans Wegner na kusoma chapa ya moto ya karakana chini yake. Anayegeuza kiti cha Chandigarh hukuta mbao, vumbi na, akiwa na bahati, namba.

Namba hiyo inahitaji kuelezwa kwa makini. Kama ilivyo katika shule na ofisi zetu, mali ya serikali iliandikwa kwa rangi, mara nyingi nyeupe, kwa kupaka juu ya bati lililotobolewa herufi: kifupi cha idara au taasisi, kisha namba ya kwenye daftari. Herufi hizo ziliwekwa ili kiti cha maktaba kisiishie mahakamani. Leo ndizo ushahidi wa kwanza kwamba kiti kilikuwa maktaba au mahakamani. Mkusanyaji makini huangalia kama rangi imeingia katika nyufa za ubao au imekaa juu ya uchafu, kama imekwaruzika pale ambapo mikono na kuta zilikuwa zikiigusa, kama aina ya herufi inafanana na ile ya vifaa vingine vya idara hiyo. Kwa kuwa wadanganyifu nao wanajua haya, na rangi nyeupe haina gharama, herufi peke yake haiamui jambo. Ni lazima isomwe pamoja na mengine: ubao uliopauka kwa juu na kubaki na rangi nzito chini ya kalio ambako jua halikufika, ncha za miguu zilizolika bila usawa, matundu ya zamani ya henzirani yaliyotanuka kwa kusukwa mara mbili au tatu, na skrubu zilizoshika kutu mpaka zimeupaka weusi ubao unaozizunguka. Uzee wa kweli hauenei sawasawa. Kiti kilichozeeshwa kwa kemikali au kwa kupigwapigwa kwa mnyororo huwa kimechakaa kila mahali kwa kiasi kile kile, hata mahali ambapo hakuna kiwiliwili kilichowahi kugusa.

Ndiyo maana nina msimamo mkali kuhusu ukarabati. Viti vingi vya Chandigarh vilipofika Ulaya vilipigwa msasa hadi ubao mpya ukatokeza, vikapakwa polishi, vikasukwa henzirani mpya na kupewa mito ya ngozi. Vilipendeza sebuleni, na kwa miaka kadhaa soko lilivipenda hivyo. Lakini msasa ule uliondoa namba, ulisawazisha makovu na kufuta tofauti ya rangi kati ya juu na chini, yaani ulifuta karibu kila kitu ambacho kingemsaidia mtu baadaye kutofautisha kiti cha mwaka 1955 na kilichochongwa majuzi kwa msaji wa zamani uliotolewa kwenye milango ya nyumba zilizobomolewa. Fundi mwadilifu huimarisha kiungo kilicholegea, huua dumuzi, husuka upya henzirani pale tu isipoweza tena kubeba mtu, na huhifadhi kila kipande alichokiondoa ndani ya mfuko ulioandikwa. Kabla ya yote hayo hupiga picha ya kiti kilivyofika, kwa kila upande. Picha hizo zitadumu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote anayehusika.

Kuhusu haki ya kutengeneza viti hivi leo, sheria inatofautiana mno baina ya nchi na nchi. Sheria ya hakimiliki ya India ya mwaka 1957, katika kifungu chake cha 15, inasema kwamba umbo ambalo lingeweza kusajiliwa kama usanifu wa kiwandani lakini halikusajiliwa hupoteza hakimiliki likishatengenezwa zaidi ya mara 50 kwa njia ya kiwanda. Viti vya Chandigarh vilitengenezwa kwa wingi unaopita sana idadi hiyo, na hiyo ni moja ya sababu zinazowawezesha mafundi wengi wa India kuvitengeneza upya. Uingereza, kwa upande wake, kazi za sanaa zilizotengenezwa kiwandani zilikuwa na ulinzi wa miaka 25 tu, mpaka tarehe 28 Julai 2016 sheria ilipobadilishwa na kuzipa ulinzi wa maisha ya mbunifu pamoja na miaka 70. Wauzaji wengi wa nakala walilazimika kuondoa bidhaa zao sokoni. Marekani kwa kawaida haitoi hakimiliki kwa umbo la kitu cha matumizi, kwa hiyo kampuni hutegemea zaidi alama za biashara. Kiti kile kile kinaweza kuwa halali katika bandari moja na kukamatwa katika nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya Cassina ya Italia ilitoa matoleo yake kwa heshima ya Jeanneret, na huko Bangalore kampuni ya Phantom Hands hutengeneza viti hivi kwa mafundi wa India na huviuza kama vitu vipya. Siwezi kuwaweka watengenezaji wa namna hiyo kundi moja na wadanganyifu. Anayetaka kiti cha kukalia, chenye umbo hilo na mbao nzuri, anaweza kununua kwao na kulala usingizi wake.

Swali la umiliki ni gumu zaidi ya la nakala. Wakazi wa Chandigarh walipoanza kuona bei za minada ya nje, wengi walihisi wameporwa, ingawa kila kitu kilikuwa na risiti. Serikali ya India ilijaribu kuzuia baadhi ya minada Ulaya na Marekani, ikashindwa, kwa kuwa vitu hivyo viliuzwa na serikali yenyewe. Sheria ya India ya mwaka 1972 inayolinda mambo ya kale huvihesabu vitu vya namna hii kuwa vya kale vikifikisha miaka 100, na kiti cha mwaka 1955 kitafika huko mwaka 2055. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Ndani ya India ilitoa agizo la kuzuia kuuzwa na kusafirishwa nje kwa samani hizo za urithi, na kamati iliyofanya hesabu ikaorodhesha vitu 12,793 vilivyobaki katika taasisi za mji. Mwaka 2016 eneo la majengo makuu ya serikali likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kama sehemu ya kazi za Le Corbusier. Tangu agizo la 2011, tarehe ya kutoka India imekuwa swali la kwanza ambalo mnunuzi mwenye akili huuliza, na jibu la "zamani tu" halitoshi; panatakiwa hati ya mnada, hati ya usafirishaji, au ankara ya muuzaji wa kwanza.

Afrika ina kisa chake, nacho kinagusa karibu zaidi. Mfaransa Jean Prouvé, fundi chuma wa Nancy, alibuni nyumba za bati na alumini, za kuunganishwa na kufunguliwa vipande vipande, kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa, zenye kuta mbili zinazopitisha hewa na vivuli vya kukinga jua. Zilijengwa tatu tu: moja Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville mwaka 1951. Hazikuwa nafuu kuliko nyumba za kawaida, na mradi ukafa. Zilisimama nusu karne, zikakaliwa, zikatobolewa na risasi za vita vya Brazzaville, mpaka mwaka 2000 Touchaleaume alipozinunua, akazifungua kipande kwa kipande na kuzisafirisha Ufaransa. Juni 2007 moja ya zile za Brazzaville iliuzwa New York kwa dola 4,968,000. Wapo wanaosema ziliokolewa, kwa kuwa zingeishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Wapo wanaosema zilichukuliwa kutoka mji ambao haukupewa hata nafasi ya kujua una nini. Mimi naona madai yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na kwamba bei ya New York haina uwezo wa kuamua kati yao. Mjini Brazzaville, Prouvé na Charlotte Perriand waliwahi pia kuandaa samani za jengo la makazi ya watumishi wa Air France mwaka 1952. Nyingi za samani hizo nazo zimeingia sokoni, na jina la mji huo huandikwa katika maelezo ya mnada kama sifa inayopandisha bei.

Mbao zenyewe nazo zina mipaka yake. Kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames cha mwaka 1956 kilivikwa vinia, yaani ganda jembamba la ubao, ya mti wa Brazil uitwao kitaalamu Dalbergia nigra. Mti huo uliwekwa mwaka 1992 katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kiti cha zamani cha aina hiyo hakivuki mpaka bila hati inayothibitisha kwamba mbao zake zilikatwa kabla ya katazo. Mpingo wetu ni wa jenasi hiyo hiyo ya Dalbergia, na tangu 2017 jenasi nzima imo katika orodha za mkataba huo, kwa hiyo anayesafirisha samani ya mpingo kutoka Tanzania au Msumbiji anaweza naye kukutana na utaratibu wa karatasi. Msaji haumo, na hilo limesaidia sana biashara ya viti vya Chandigarh. Forodha nyingi pia hutofautisha kitu cha zamani na antiki, ambayo ni lazima iwe imepita miaka 100, na tofauti hiyo inaweza kuamua ushuru. Kazi za mwanzo kabisa za usasa ndiyo kwanza zinafika umri huo.

Juu ya gharama nitasema kidogo. Bei inayotangazwa nyundo inapogonga siyo bei atakayolipa mnunuzi. Nyumba kubwa za mnada huongeza ada ambayo mara nyingi ni kama robo ya bei hiyo, kisha hufuata kodi, ufungashaji na usafiri. Bei zilizoandikwa magazetini kwa kawaida zimekwisha kujumlisha ada, lakini makadirio yaliyo kwenye katalogi hayajajumlisha. Mwenye kulinganisha hizi mbili bila kujua atadhani kila kitu kinauzwa kwa zaidi ya kilivyotarajiwa.

Limebaki fundo la jina. Katalogi huandika "Pierre Jeanneret" karibu na kila kiti kilichotoka Chandigarh, kwa sababu jina hilo linauza. Jeanneret aliongoza kazi ile kwa miaka 14, na hakuna wa kumnyima heshima hiyo. Lakini Chowdhury alibuni samani pamoja naye, wengine wa timu walichora pia, na baadhi ya maumbo yalibadilika mikononi mwa mafundi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Muuzaji mwaminifu huandika "timu ya Chandigarh" pale ambapo mchoro wenye sahihi haupo, na hupoteza sehemu ya bei kwa kufanya hivyo. Jambo hilo lina mfano mwingine katika historia ya Jeanneret mwenyewe: vile viti vya mirija ya chuma vya mwaka 1928, ambavyo kwa miaka mingi viliitwa vya Le Corbusier peke yake, vilikuwa kazi ya watu watatu, yeye, Jeanneret na Perriand, na Perriand alikuwa amekuja katika ofisi yao akiwa tayari anajua kufanya kazi kwa mirija ya chuma. Ilichukua miongo kadhaa jina lake kusomwa sawa na ya wenzake.

Nyumba aliyoishi Jeanneret, namba 57 katika Sekta ya 5, sasa ni jumba la makumbusho lake. Hapo kiti hutazamwa na hakikaliwi. Katika taasisi za mji huo, vingi vya vile vilivyoorodheshwa bado vinafanya kazi iliyokusudiwa. Wageni wanaopita hapo wakiwa na simu hupenda kuvipiga picha kwa mbele, ambako miguu inaonekana vizuri. Anayejua kazi hii hukizunguka kiti, huinama, na hupiga picha kwanza ile namba ya rangi nyeupe iliyo nyuma.